Betri Mbili za Injinia

Umeme ulipokatika mtaa mzima kabla ya adhuhuri, kila mtu alinuna isipokuwa Injinia. Yeye alitabasamu kama bwana harusi. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana shuleni hakuna aliyefikiria kumpa. Kazi yake ilikuwa kuokota betri zilizochoka kwenye kompyuta mbovu, kuzivua maganda, kuzivika plastiki mpya ya kijani yenye namba za kutisha, na kuziuza kama betri za kuchaji za tochi. Begi zima lilikuwa takataka. Nzima zilikuwa mbili tu, zile zilizokaa ndani ya tochi ya maonyesho, na hizo ndizo zilizomlisha.

Akaingia kwa mama mmoja fundi cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

Injinia aliwasha tochi ya maonyesho. Mwanga ukapiga ukuta wa nyuma hadi utando wa buibui ukaonekana.

"Mkali," mama alikubali. "Lakini vikali havidumu. Tochi ninayo, betri ndizo zimekufa, na sare za shule zinatakiwa kesho asubuhi. Nataka mwanga wa kuonyesha tundu la sindano, na ukae mpaka nimalize."

"Kwa wengine ukitaka ukali unakosa muda, ukitaka muda unakosa ukali. Kwangu unapata vyote viwili."

"Na hizi za kwenye begi ni sawa na hizo za kwenye tochi?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Hata mimi mwenyewe sizitofautishi."

Hapo, kwa masikitiko makubwa, inabidi tukiri kwamba kijana alizidisha maneno.

Mama alibana bei mpaka Injinia akaugua kwa sauti, ingawa moyoni alikuwa anacheza. Mama akalipa, akachukua betri zake mbili za begi, akaiazima na ile tochi akazijaribu kwenye giza la stoo. Alirudi ametulia kabisa.

"Nimechukua zilizokuwa ndani, mwanangu. Mimi hununua kile nilichokiona kinawaka. Zile za begi nimekuwekea wewe humo."

Injinia alipiga hesabu haraka. Akisema hazifanani, amejichongea mwenyewe. Akinyamaza, kesho hana cha kuonyesha wala cha kula.

"Mama, zile nimezizoea," alijaribu.

"Utazizoea na hizi."

"Nakurudishia hela yako yote, na kidogo juu yake."

"Kwani hizi zangu zina nini?" mama aliuliza kwa upole.

Swali hilo lilimkuta kinyozi wa jirani akiingia, pochi tayari mkononi. "Nasikia kuna betri. Washa nione, nataka nne."

Injinia akabonyeza. Ukatoka mwanga wa manjano, mvivu, ambao haukufika hata kwenye kiatu chake.

"Weka ule mkali," kinyozi alisema.

Kwa betri zilizobaki, huo ndio uliokuwa mkali. Nyuma ya Injinia cherehani ya miguu ilishaanza kulia, na weupe wa tochi ya mama uliomwagika juu ya kitambaa ungetosha kuhesabia nyuzi.

"Huu ni wa kubana matumizi, kaka," alisema. "Hauumizi macho, halafu unadumu usiku ku..."

Tochi haikumngoja amalize.