Uso Niliomwahidi Dada

Jumatatu, 3 Juni

Mdomo wangu huu! Miaka hamsini na moja tunaishi pamoja, na bado unafunguka bila kuniuliza.

Leo mchana Dada alikuja saluni. Wateja hawakuwepo. Akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, akanipa habari. Anahama. Binti yake amejifungua mtoto wa pili na anamtaka mama yake akaishi naye huko nchi za mbali, ndege mbili mpaka kufika. Ataondoka Jumapili ya tarehe 16. Nikasema hongera.

Kisha akajitazama kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini kwamba sura ya mama imeanza kumpotea. Mikono anaikumbuka, sauti anaikumbuka, uso umeingia ukungu. Na mama hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Akaniuliza kama mimi bado naukumbuka uso ule.

Nikamjibu naukumbuka kama jana! Nikaongeza kwamba nitamchorea, asafiri nao.

Sasa ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kwanza, sijawahi kuchora hata kikombe. La pili ni baya zaidi. Mama alifariki sijatimiza miaka minne, baba akamfuata mwaka uliofuata. Dada, akiwa na miaka kumi na mbili tu, ndiye aliyenilea. Uso wa mama siukumbuki. Sijawahi kumwambia mtu, hata Mke wangu. Ndugu wakiniuliza kama namkumbuka mama, huwa naitikia kwa kichwa na kuangalia kando.

Lakini Dada alipiga makofi kama mtoto. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Juni

Nimejiandikisha darasa la kuchora! Ghorofani juu ya maktaba, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mke wangu nimemwambia nina mikutano ya Chama cha Vinyozi. Chama hicho hakipo. Nimekianzisha mwenyewe asubuhi na kujichagua katibu.

Mwalimu ni binti wa umri wa kitindamimba wangu. Ananiita mzee. Nimelimeza.

Jirani yangu wa meza ni mpima ardhi mstaafu. Anashika penseli mbele yake mkono umenyooka, anafumba jicho moja, ananong'ona namba. Nimempachika jina la Rula. Tulichora birika. La Rula ungetamani ulishike ujimiminie chai. Langu Mwalimu aliliangalia kwa upole sana, akauliza kama ni ndege. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nyuso! Ndicho nilichofuata. Kila mtu amchore aliyeketi mbele yake, na mbele yangu akaketi Rula. Nikahangaika naye nusu saa. Macho yakapanda kwenye paji, masikio yakakaa kama mikono ya sufuria. Rula alipoiona picha yake alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza kama na kunyoa nanyoa hivyo hivyo.

Wakati wa mapumziko nikamchora mama mmoja aliyekuwa dirishani ametupa mgongo. Kutuliza hasira tu. Mwalimu akapita, akasimama. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia nimetazama visogo miaka thelathini, kila siku, tangu asubuhi mpaka jioni. Akaiinua ile karatasi darasa zima likaiona. Rula akasema chochote kisicho na macho ni rahisi kuchora. Wivu huo!

Lakini faida yake nini? Dada nimemwahidi uso. Kisogo hakina kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na akili mpya. Ukoo mzima husema Dada kafanana na mama. Basi namchora Dada, namfunga kitambaa kichwani, kazi kwisha!

Nikamwita saluni, nikamwambia nataka kumpaka rangi nywele asafiri akiwa kijana. Nikampaka, nikasogea nyuma ya rafu ya taulo, nikaanza kuchora. Nikanogewa. Nikamsahau. Aliponiuliza mara ya tatu kama rangi haijakolea, ilikuwa imekolea nywele, masikio na nusu ya paji la uso. Nimesugua kwa sabuni, kwa mafuta, kwa limau. Dada ataingia ndege ya kwanza na ya pili akiwa na paji jeusi ti.

Hakukasirika. Hajawahi kunikasirikia kwa muda mrefu, ndicho kinachoniumiza. Alisema tu, wakati namsuuza, kwamba watu wanakosea. Yeye ni baba mtupu. Aliyefanana na mama ni mimi, baba mwenyewe alikuwa akisema. Pua, kidevu, mpaka mdomo, sema tu nimeuficha chini ya masharubu.

Nikaichana picha alipoondoka. Lakini jamani, kumbe uso wa mama ninao!

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Saa sita nikafunga mlango wa saluni. Nikanyoa masharubu yangu. Ya miaka ishirini na nane! Yamenisindikiza kwenye harusi yangu na kwenye harusi za wanangu. Yalianguka sakafuni, nikayafagia pamoja na nywele za wengine. Nikajifunga kitambaa cha kichwa cha Mke wangu nilichokichukua kabatini bila ruhusa. Nikakaa mbele ya kioo, penseli mkononi, nikajaribu kuweka macho yenye huruma ya mama.

Mlango kumbe haukufunga vizuri. Akaingia Mke wangu na chakula changu cha mchana.

Akaniangalia mdomo, akaangalia kitambaa chake, akaangalia tena mdomo. Kisha akauliza kama huu ndio mkutano wa chama.

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kuhusu chama alijua tangu siku ya kwanza, maana hajaona katibu wa vinyozi anayetoka nyumbani na kifutio mfukoni. Tena karatasi zangu amezikuta chini ya godoro: visogo kumi na moja vya wanawake asiowajua. Alitaka kunipa wiki moja nijieleze.

Nikajieleza. Nilipofika pale kwamba siukumbuki uso wa mama, yeye akaacha kucheka. Akaniuliza, sasa unakumbuka nini? Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza hivyo.

Nikamwambia. Mama alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, nami nilikuwa mgongoni kwake. Nakumbuka kitambaa cha buluu kilichopauka, na fundo lake. Chini ya fundo, kishungi cha nywele kinachojipinda kushoto. Nyuma ya sikio, kovu dogo kama punje ya mchele. Harufu ya sabuni. Na alipoimba kwa kufumba mdomo, shingo ilikuwa ikitetemeka, nami nilisikia wimbo kwa shavu.

Mke wangu akafuta macho kwa pembe ya kile kitambaa, kikiwa bado kichwani kwangu. Akasema, basi chora hicho.

Nikamwambia kwa heshima kwamba mambo ya sanaa hayajui. Mtu anayesafiri hapewi kisogo.

Alhamisi, 13 Juni

Zimebaki siku tatu. Picha ya kiooni imetoka kinyozi aliyefunga kitambaa tu. Nimejishusha. Nimemwendea Rula.

Kwanza nikamlainisha. Nikasifu birika lake. Nikasifu jicho analolifumba, hata lile asilolifumba. Nikamwahidi kumnyoa bure mpaka mmoja wetu aage dunia. Halafu nikamwomba amchore mama yangu kwa maelezo yangu, nami niseme ni kazi yangu. Nilitegemea dharau. Akavuta kiti tu, akachonga penseli, akasema nianze.

Nikabuni! Macho makubwa kiasi. Mashavu ya wastani. Nyusi za kawaida. Rula anachora, ananong'ona namba zake. Karatasini akatokea mwanamke hai kabisa, anatutazama kana kwamba tumechelewa kurudi nyumbani. Nikanyoosha mkono niichukue.

Rula hakuiachia. Aliiangalia mpaka mkono wangu ukachoka. Kisha akasema nimsamehe, huyu si mama yangu, ni mama yake yeye. Akasema alijiunga na darasa kwa ajili hiyo, na mwaka mzima uso umekataa kuja. Leo ameacha kuupima, ameandika tu ninayosema, na umekuja wenyewe.

Akaomba aondoke nayo. Ningefanyaje? Nilimshikia mlango, maana mikono yake miwili ilikuwa imebeba karatasi ile. Nimeipoteza picha, na kunyoa bure niliahidi mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Sina hila iliyobaki. Nimezihesabu zote, hakuna.

Darasani sikwenda. Baada ya chakula cha mchana nikakaa mezani jikoni, Mke wangu akatoa vyombo. Nikafumba macho, nikalaza shavu kwenye ubao wa meza. Nikakaa hivyo. Halafu nikachora.

Kishungi nilikifuta mara sita. Kovu halikufutwa hata mara moja. Saa moja jioni nikaweka penseli chini. Mke wangu akaja nyuma yangu, akaweka mkono begani, akaondoka.

Ni kisogo tu, jamani. Dada atadhani nimemfanyia mzaha.

Jumapili, 16 Juni

Mizigo ilikuwa mlangoni, dereva wa teksi amekwishapiga honi mara mbili. Dada amefunga kitambaa chini kabisa kuficha paji jeusi. Nikampa picha ndani ya bahasha. Kabla hajaifungua nikaanza kudanganya kwa kasi. Kwamba huu ni mtindo wa kisasa. Kwamba wasanii wakubwa siku hizi wameacha kabisa kuchora nyuso.

Hakunisikia. Alikuwa ameweka kidole kwenye kishungi.

Akasema kila Jumamosi alikuwa akipigana na kishungi hiki. Mama akikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake ili asukwe, na kishungi kikikataa kuingia kwenye mistari, na yeye akivuta, na mama akisema taratibu, mwanangu, hicho nimezaliwa nacho. Neno hilo lilikuwa limempotea miaka mingi, akasema. Machozi yalikuwa yakimdondoka na hakuyafuta.

Basi nikasema. Nililiambia begi lake, si yeye. Dada, uso wake siukumbuki. Sijawahi kuukumbuka. Nilikudanganya.

Akanijibu kwamba anajua. Ningeuonea wapi, nami saa zote nilikuwa mgongoni? Akasema hata mama mwenyewe kutwa nzima alikuwa hauoni uso wangu. Ndiyo maana kila baada ya muda aligeuka nusu, mikono ikiwa bado kwenye beseni la povu, akamuuliza yeye: amelala?

Na Dada akanionyesha. Akanipa mgongo, akageuza kichwa juu ya bega, kidevu kimeinuka kidogo, nyusi moja juu. "Amelala?"

Akaganda hapo hapo. Mdomo wazi. Akanong'ona, nimemwona. Akageuka mzima mzima, akanishika kidevu kwa mikono miwili, akatazama pale masharubu yalipokuwa. Akasema mdomo ni huu huu. Akaniamuru nisiyafuge tena.

Tulilia kama watoto, mbele ya dereva. Naye akazima injini, akatoka kutusaidia mizigo. Teksi ilipoondoka Dada alikuwa ameipakata ile bahasha, hakukubali iingie kwenye begi.

Nyumba ya Dada imefungwa. Nimetembea kurudi kwa miguu, polepole. Namkumbuka tayari.

Jumanne, 18 Juni

Dada amefika salama. Picha ameiweka ukutani juu ya kitanda cha mjukuu mkubwa. Paji la uso bado jeusi, mjukuu analipenda.

Asubuhi Baba Mdogo alikuja kunyolewa. Katika mazungumzo akalalamika kwamba picha ya marehemu kaka yake, yaani baba yetu, hakuna hata moja, na yeye amezeeka, sura inamtoka. Akauliza kama mimi namkumbuka baba.

Nikamjibu namkumbuka kama jana! Nikamwahidi picha kabla ya Ijumaa. Kwa wasanii wa daraja langu si kazi kubwa.

Dada angenifaa kwa sura, lakini ndiyo keshasafiri. Hata hivyo nimeketi nikatafakari. Baba alikuwa akinibeba mabegani. Utosi wake naukumbuka vizuri sana. Ulikuwa na upara wa duara, na mbu mmoja aliyekuwa akirudi kila jioni.

Masharubu nimeanza kuyafuga tena, kidogo tu, Dada yuko mbali hataona. Mke wangu nimemwambia jioni hii kuna mkutano wa dharura wa Chama cha Vinyozi. Akanikimbilia mlangoni na kifutio nilichokisahau mezani, akasema nimsalimie mwenyekiti.