Mguu Wangu Umejishona Vibaya

Oli, Arua
9 Agosti 1974

Kwa Bwana Mganga Mkuu,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni Tahiru, fundi wa nguo, yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani aliyekuwa akipima mguu wake kwa futi. Utakumbuka nilianguka na baiskeli njia ya Lobule, na kichwa cha cherehani nilichokipakia nyuma kikanipasua muundi wa kulia. Cherehani haikupata hata mchubuko. Natumia cherehani ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio duka langu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Uvimbe. Asubuhi mguu ulikuwa inchi kumi na mbili. Kufika alasiri ulikuwa kumi na sita, mwekundu, wa moto, hautaki kuguswa. Dresa wenu Adrabo, yule msafisha vidonda, alinieleza kwamba mishipa ya damu imejilegeza ili askari wa mwili wapite kwenda kupambana na uchafu. Nauliza, nani alitoa ruhusa? Hapa Oli hata mtu akitaka kuchimba mtaro huwaambia majirani kwanza.

2. Mshono. Adrabo aliniwekea nyuzi sita mahali ambapo mimi ningeweka thelathini. Siku ya tatu, kwa nia njema ya kitaalamu, nilifumua nne kwa wembe wangu ili nirudie kazi vizuri. Kufika wa tano nilizimia. Baadaye ukaja usaha, ambao Adrabo anasema ni askari waliofia kazini. Nawapa pole wafiwa, lakini waliharibu mashuka mawili ya mke wangu Hawah. Ikaja na homa, mkaanza kuzungumzia msumeno. Adrabo alisema kidonda kingejifunga ukingo kwa ukingo, ila kwa kuwa nimekiachia mdomo wazi, sasa lazima nyama ijijaze polepole kutoka chini. Hiyo ni lugha ya fundi anayetafuta kisingizio. Naijua, naitumia kila wiki.

3. Kovu. Nyama iliyoletwa si ya kitambaa kile kile. Inang'aa, haina kinyweleo hata kimoja, na inavuta ngozi pembeni. Ningemrudishia mteja wangu Mwalimu Enoch suruali yenye kiraka cha namna hiyo, angenitangaza kanisani.

4. Shavu la mguu. Kwa sababu mguu ulilala wiki sita, umekonda. Wa kushoto, uliokuwa ukinibeba pamoja na mkongojo, umenenepa. Sasa mimi, ninayewaambia wateja kwamba kupima mguu mmoja kunatosha, najikatia suruali kwa vipimo viwili. Adrabo anasema mwili huongeza penye kazi na kupunguza pasipo kazi. Huo ni uongo. Shemeji yangu Lokule anakaa kwangu mwaka wa nne bila kazi yoyote, na hajapungua hata nusu inchi.

5. Sugu. Chini ya unyayo nilikuwa na sugu ya miaka ishirini, iliyotengenezwa na pedali. Imebanduka yote kama ganda la kitunguu. Nikikanyaga sasa, unyayo unawaka.

Kwa hiyo naomba kovu lifunguliwe, nyama ya asili irudishwe, na safari hii mshono nisimamie mwenyewe.

Nisalimie Sista Pasca, mpishi wa uji, na wodi nzima, pamoja na yule mzee aliyenikopesha mkongojo.

Wako mtiifu, mwenye miguu miwili isiyolingana,
Tahiru, Fundi

N.B. Barua hii imekaa siku mbili ikisubiri mtu wa kuipeleka. Leo Hawah ameisoma, akaniuliza kama nimesahau asubuhi ile mlipoleta karatasi ya kukata mguu. Sijasahau. Nilimshika Adrabo shati, nikalia mbele ya wagonjwa wote, nikasema: "Wachia mimi hii mguu. Hata ikikuwa mubaya namna gani, wachia mimi tu." Naye akakisafisha kidonda kila siku, wiki sita, na mguu ukabaki. Tangu asubuhi nimeshona nao suruali mbili. Bwana Mganga, nakuomba sana, mtu yeyote asiuguse.