Propela Nyepesi ya Mshale

"Gari lapaa kama kuku!" Gigabaiti alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, simu ameiinua juu ili hata wasiotaka wasikie. "Propela nyepesi yakatika mashindanoni, yachimba lami, gari labiringika. Dereva avunjika mguu."

Benchi zima likageuka kumtazama Mshale. Mshale alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Kikabaki hapo hapo, hakinywewi wala hakishushwi.

Kwa asiyetujua: benchi letu liko mbele ya gereji ya Spana, na kahawa tunauziwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu lakini anatugombeza wote kwa haki sawa. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili. Mteja akija nakwenda, asipokuja nipo, kwa hiyo nipo sana. Gigabaiti anatengeneza simu, na elimu yake yote ya dunia ameipata akizijaribu simu za wateja kama zimepona. Mshale ni afisa wa bima. Wiki nzima anawaasa watu waendeshe polepole, Jumapili anakwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani kushindana mbio za magari.

Gari lake lilikuwa ndani ya gereji, limepandishwa juu ya stendi, tumbo wazi. Halikuwa na propela. Propela, kwa wenzangu wa wembe na sabuni, ni lile bomba refu la chuma linalolala chini ya gari, linatoa nguvu kwenye giaboksi kupeleka magurudumu ya nyuma. Isipokuwepo, injini inanguruma tu kama bosi asiye na wafanyakazi. Ya Mshale ilikuwa imepinda na jointi zimemung'unyika. Mtu mwingine angefunga nyingine ya chuma, maisha yakaendelea. Mshale akasema safari hii anataka nyepesi, maana Jumapili alikuwa apambane na Kipanga, mdogo wa kiume wa mkewe, ambaye tangu amshinde mara ya mwisho hamwiti tena shemeji. Anamwita "abiria".

"Soma tena hapo kwenye propela," Mshale alisema.

"Inadaiwa propela hiyo ya kaboni ilinunuliwa kwa muuzaji wa mtandaoni anayejiita Baba Wepesi."

"Wewe umeagiza kwa nani?" nikamuuliza.

Mshale akakishusha kikombe. "Baba Wepesi."

"Lo salale!"

"Na nani alinitumia tangazo lake?" Mshale akamgeukia Gigabaiti.

"Mimi nilituma tu!" Gigabaiti akaruka. "Sikukwambia ununue. Ningekutumia picha ya simba ungekwenda kumfuga?"

"Uliniandikia 'kamata hii kaka, kaboni ndiyo habari ya mjini.'"

"Nilikuwa nakusalimia."

Spana akatoka chini ya gari jingine, uso una grisi. Hajawahi kuacha mabishano yampite. "Mimi nilisema tangu mwanzo: aluminiamu. Bomba moja nene, jepesi, halina longolongo."

"Jumatatu ulisema aluminiamu," nikamkumbusha. "Jumanne ukasema aluminiamu inapiga kelele kama sufuria, kaboni ndiyo mwanaume. Jumatano ukasema chuma ni baba lao."

"Fundi mzuri anafikiri."

"Fundi mzuri anafungua boneti."

"Kinyozi, nyamaza. Wewe ukikosea, nywele zinaota. Mimi nikikosea, gari linaota majani."

Shangazi alikuwa akimimina kahawa bila kututazama. "Baba, hebu nieleweshe," alimwambia Mshale. "Hiyo nyepesi ingekupunguzia uzito kiasi gani?"

"Kama kilo tano, Shangazi. Pengine sita. Lakini si uzito peke yake. Kitu kinachozunguka kikiwa chepesi, injini haihangaiki kukizungusha. Ukikanyaga, gari linachomoka."

"Kilo sita." Shangazi akalitazama shati la Mshale pale vifungo vinapovutana. "Na hicho ulichobeba hapo mbele, kinazunguka au kimesimama?"

Benchi likalia kwa kicheko. Gigabaiti alicheka mpaka akasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa mshtakiwa.

Bado tunafuta machozi, pikipiki ya mizigo ikasimama. Mjumbe akafungua kamba, akashusha boksi jembamba, refu kama jeneza la nyoka, akauliza nani Mshale, akaondoka. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya ndevu zilizochanwa vizuri na maneno: BABA WEPESI, ISHI BILA MZIGO.

Tulilifungua wote, kila mtu na upande wake. Propela ilitoka ikiwa nyeusi, inang'aa, ina vile viraka vilivyosukwa kama mkeka, ambavyo Gigabaiti alituambia ndiyo alama ya kaboni yenyewe, zile nyuzi nyepesi zinazoshinda chuma kwa ugumu.

"Mnaona?" Gigabaiti akapata nguvu. "Yule wa kwenye habari alifunga vibaya tu. Hii ni mali safi! Spana, inyanyue uisikie."

Spana akaishika katikati kwa mkono mmoja, kwa madaha. Haikwenda. Akaongeza mkono wa pili. Mishipa ya shingo ikajitokeza.

"Nyepesi?" nikauliza.

"Nyepesi," alisema akihema. "Kwa upande huu."

Shangazi akaja na kijiko cha kahawa. Akakwangua mwisho wa lile bomba taratibu, kama mtu anayetoa lebo kwenye chupa ya dawa. Ule mkeka ukanyanyuka pembe. Akaushika kwa vidole viwili, akavuta, ukatoka mrefu kama ganda la ndizi. Ilikuwa stika. Chini yake chuma, na juu ya chuma kutu iliyopakwa rangi haraka haraka.

Tukaibeba hadi duka la nafaka jirani, tukailaza kwenye mzani wa magunia. Mwenye duka akauliza kama siku hizi tunakula vyuma. Spana akaleta ile ya zamani iliyopinda, ikapimwa. Mpya ilikuwa nzito kuliko ya zamani.

"Umenunua uzito," Shangazi alimwambia Mshale, "na ukangojea uletewe mpaka mlangoni."

Lakini Spana alikuwa ameacha kucheka. Aliiviringisha ile propela sakafuni, ikaenda ikichechemea, inadunda upande mmoja. Akapitisha kidole katikati yake. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea: mabomba mawili ya magari tofauti, yaliyounganishwa.

"Hii ingezunguka kwa kasi," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kijiweni, "ingeanza kutetemeka, halafu ingekatika hapa. Kipande cha mbele kinashuka chini, kinachimba lami. Gari linakwenda juu. Au kinapanda, kinatoboa sakafu."

"Sakafu wapi?" Mshale akauliza.

"Katikati ya viti vya mbele."

Mshale akakaa juu ya gunia la maharage. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nilimwambia mke wangu Jumapili akae pembeni yangu," alisema. "Nilitaka aone nikimpita mdogo wake."

Gigabaiti aliitumbukiza simu mfukoni, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana.

Na ndipo mwenyewe akatokea. Mke wa Mshale, ambaye sisi wote tunamwita shemeji, ni dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa ametoka zamu, bado ana sare.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri."

"Hiki nini?" Alikuwa anatazama lile bomba lililochunika.

"Bomba la maji, shemeji," Gigabaiti akasema upesi.

"Bomba la maji lina jointi?"

Mshale alimzuia Gigabaiti kwa mkono, akaeleza mwenyewe. Alieleza yote: tangazo, stika, mshono, na kile kiti cha pembeni. Alipofika kwenye kiti akakwama, akarudia neno moja mara kadhaa. Mkewe hakupiga kelele. Angepiga tungeshukuru. Aliinama, akaugusa ule mshono, akasimama.

"Ya chuma ya kawaida haipatikani?" alimuuliza Spana.

"Ipo, shemeji. Ipo nyuma ya gereji, ya gari kama lake. Imenyooka. Naibadilisha jointi, naipeleka ikasawazishwe, kesho inafungwa."

"Imekuwepo hapo tangu lini?"

Spana akajikuna kisogo kwa spana. "Tangu mwanzo."

"Na hukusema?"

"Hakuuliza propela, shemeji. Aliuliza wepesi."

Shemeji akamgeukia mumewe. "Bado unautaka huo wepesi?"

"Mama, yamekwisha. Mimi nimekoma."

"Nakuuliza unautaka au huutaki. Panda kwenye mzani."

"Mbele za watu?"

"Watu hawa ndio waliokushauri. Panda."

Mshale akapanda. Mshale wa mzani ulikwenda kwa furaha kuliko wa benchi. Akashuka, shemeji akapanda, nao ukarudi nyuma nusu ya safari. Mwenye duka akapiga mluzi.

"Hapo umepunguza propela chungu nzima," shemeji alisema, "na hujaagiza popote. Jumapili ninaendesha mimi."

Ikazuka minong'ono. Sitaki kujitoa, na mimi nilikuwemo.

"Kinyozi, umesemaje?"

"Nimekohoa, shemeji."

Mshale akajaribu. "Mke wangu, hili gari lina nguvu. Si kama lile lenu la king'ora."

"Lile letu lina mgonjwa nyuma, lina dripu inaning'inia, na mbele kuna mwanaume kama wewe, ameona taa, amesikia king'ora, hataki kunipisha kwa sababu ameona mwanamke kwenye usukani. Huyo ndiye ninayempita kila siku. Kipanga nimembeba mgongoni, ataniambia nini?"

Mshale akaikokota ile ya Baba Wepesi kurudi gerejini. Akatwaa msumeno wa chuma wa Spana, akaikata ile propela bandia pale pale kwenye mshono, jasho linamtoka, mpaka vikaanguka vipande viwili. Spana alisema angeweza kuipatia kazi nyingine. Mshale akamjibu, "Kazi yake naijua mimi, ndiyo ninayoiandikia taarifa kila wiki," akaendelea kukata. Kisha akamsimamia Gigabaiti mpaka akapiga picha ya stika na kuituma kwa kila mtu aliyepelekewa naye lile tangazo. Walikuwa wengi kuliko alivyotuambia.

Jumapili tulikwenda wote, hata Shangazi na birika lake. Kipanga alipomwona dada yake anaingia upande wa usukani alicheka mpaka akaegemea gari. "Abiria ameleta abiria mwenzake!" Shemeji akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akasogeza kiti mbele. Alichukua muda wake kukisogeza. Mshale alikuwa kando yangu nyuma ya matairi, ananong'ona, "Usikanyage yote, usikanyage yote," kama mtu anayeomba.

Bendera ikashuka. Kipanga alichomoka na moshi mwingi, watu wakapiga makofi. Shemeji alichomoka bila moshi, hakuna aliyepiga makofi. Wakakimbizana hivyo, yeye nyuma, hadi kona ya mwisho. Kipanga akaingia kwa mbwembwe, gari likateleza ubavu, likafagia vibao vya plastiki. Shemeji alipita upande wa ndani wa kona taratibu, kama mtu anayepita mlangoni kwake, akavuka mstari wa mwisho mbele yake kwa urefu wa gari zima. Nilimsikia Mshale akipiga ukelele ambao sikujua kwamba afisa wa bima anao.

Kipanga akashuka akiwa amenywea. Hakumtazama dada yake. Alilala chini kwenye lami, akachungulia tumbo la gari.

"Hii propela ya aina gani?"

"Ya chuma," Spana alimjibu. "Ya kawaida."

"Unanificha."

"Haki ya Mungu, ya kawaida."

"Sawa. Fichaneni," Kipanga alisema, akaondoka akiipangusa suruali.

Asubuhi ya Jumatatu Gigabaiti alikuwa amekwisha kuandika mtandaoni, "Siri nzito: kwa nini mabingwa wameacha propela nyepesi." Kabla kahawa ya kwanza haijapoa vijana wawili walifika gerejini kumwuliza Spana kama ana propela nzito, nzito kabisa, ya kushika barabara. Spana akaanza kuwaambia uzito una faida zake. Shangazi akamrushia kitambaa cha kufutia vikombe.

Mshale akaja kwa miguu, shati limelowa mgongoni, mfuko wa kazini uko begani. Akaketi, akashusha pumzi ndefu.

"Gari limeharibika?" nikamuuliza.

"Liko sawa."

"Sasa liko wapi?"

Akapokea kikombe, akakipuliza.

"Mwenyewe ameenda nalo kazini."