Nimesifu Ngamia wa Mzee wa Bodi

Wallahi leo nimeaibika, na bado haijaisha.

Asubuhi nilikuwa na somo la majaribio kwa shule moja hapa Garissa. Natafuta kazi ya kufundisha Kiingereza. Cheti sina (nimejifunza kwa simu, na simu haitoi cheti). Hibo, dada yangu, ndiye aliniombea hiyo nafasi. Mtu akimsema Hibo vibaya sababu yangu, tunapigana.

Nyuma ya darasa wamekaa wawili: mwalimu mkuu, ambaye ni madam wa kutoka Meru, na mzee wa bodi ya shule. Chaki inavunjika. Nikaanza: "Baada ya 'is' unaweza kuweka jina ama sifa. 'The camel is a mother.' 'Mother' ni jina, ni huyo huyo ngamia. 'The camel is fat.' 'Fat' ni sifa, inatuambia yukoje."

Watoto wananitazama tu. Nje ya dirisha nikaona ngamia anakula mti. Mfano mzima! Nikamnyooshea kidole.

"The camel is fat! The camel is beautiful! Her udder is full!"

Msichana wa mbele akanong'ona, "Mwalimu, sema mashallah."

"Nyamaza! Kwanza tumalize sifa!" (Hii hasira itaniua.)

Kwetu ukisifu mnyama wa mtu bila mashallah, umempiga jicho. Mtoto mchanga anajua. Mimi woga ulinifuta akili!

Ngamia akapiga magoti. Akalala chini.

Mzee wa bodi akaruka. "Warya, wewe! Huyo ngamia ni yangu!"

"Adeer, mzee wangu, mashallah! Mashallah!"

"Umechelewa! Toka nje, nawa!"

Dawa ya jicho ni hiyo: aliyepiga ananawa, na maji hayo anamwagiwa aliyepigwa. Nikanawa uso, mikono, mpaka miguu, ndani ya karai, gredi saba nzima wamejaa dirishani. Mzee akammwagia ngamia hayo maji. Ngamia akashtuka, akasimama, akanipigia chafya usoni.

Madam akauliza polepole, "Kwa hivyo... somo limeisha?"

Sasa niko nje ya ofisi, nasikia wakibishana. Madam anasema Kiingereza changu ni safi. Mzee anasema jicho langu ndio chafu. Hibo amepiga simu mara nne, sijashika.

Tafadhali msicheke. Kuna mbuzi wamepita hapa saa hii, nimefunga macho.