Wimbo wa Sita Matangani

Jamani, aibu niliyoipata leo itabidi nizikwe nayo. Hapa nilipo bado nimevaa shati la mahojiano. Bega la kulia lina kamasi, na kamasi si yangu. (Si yote.)

Nianzie asubuhi. Mnajua nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yangu ni kuchunga mbuzi wa mama huku Nagongera na kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Wiki jana nikajibiwa. Ofisi moja ya kupitisha mizigo mpakani Busia ilinitaka leo, saa nane mchana, nimwone Bwana Wandera mwenyewe. Mama aliusoma ujumbe ule kanisani, mbele ya kina mama wenzake. Kwa hiyo nikiikosa kazi hii, kanisa zima limeikosa.

Saa nane. Mimi nilifika Busia saa nne na nusu. (Je, gurudumu likipasuka? Je, daraja likivunjika? Njiani hakuna daraja, lakini nililiwazia.) Simu nilikuwa nimeizima laini tangu alfajiri, mama asije akanipigia katikati ya mahojiano. Nikapita mbele ya ofisi mara tatu. Mlango umefungwa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilijiuliza kama viatu vyangu vinang'aa kupita kiasi.

Askari wa geti akaanza kunitazama vibaya. Nikaona heri nitoke mjini, nifuate barabara ya vumbi ya kuelekea Lumino, nitulize moyo kwa muziki.

Rafiki yangu wa chuo aliniwekea kwenye simu albamu ya mzee mmoja wa Marekani anayepiga gitaa la umeme. Muziki wenyewe wanauita bluzi. Maneno yake nusu siyaelewi. Lakini lile gitaa! Linaanza kama mtu anayejizuia, linajizuia, linajizuia, kisha linashindwa.

Halafu kuna wimbo wa sita. Hauna neno hata moja. Naomba niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Baba alipofariki nilikuwa kwenye mtihani wa mwisho. Walinificha mpaka nilipomaliza. Nikafika nyumbani kaburi limeshakauka, watu wamemaliza kulia, nami nikaona haya kuanza peke yangu. Basi wimbo wa sita ukinikuta mahali pasipo watu, machozi yanatoka yenyewe, na mdomo unalifuata gitaa. "Uuuwii! Uwi-uwi-uuuui!" Nilidhani nafanya kwa sauti ya chini. Mwenye waya masikioni hajui sauti yake.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Kwetu mtu haingii matangani kimya kama mchawi. Unaanza kulia ukiwa mbali, barabarani, ili wafiwa wajue mtu wao anakuja, na wanawake wanatoka kukupokea. Mila hiyo naijua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nyuma ya shamba la muhogo, pale kwenye kona, kulikuwa na turubai, viti, na jeneza.

Wanawake sita wakanivamia. Mmoja mnene, kitenge kimefungwa kiunoni, alinikumbatia mpaka waya zikachomoka masikioni.

"Woi! Lia, mwana wetu, lia! Mzee ametuacha!"

Hapo ndipo ningesema samahani mama, nimepita tu. Mtu wa kawaida angesema. Mimi nikawaza: kumkana marehemu mlangoni kwake si mkosi huo? Na mkosi siku ya mahojiano? Nikaendelea kukumbatiwa.

"Unatoka wapi, mwana?" akauliza. Huyu alikuwa dada wa marehemu. Wote walimwita Shangazi.

"Nagongera."

Kilio kikakatika. Wakatazamana.

"Nagongera!" Shangazi akajishika kichwa. "Si nilisema? Miaka yote ile ndugu yangu anasema, nakwenda Nagongera kununua pamba, nakwenda Nagongera kununua pamba. Pamba gani hiyo haiishi? Uko na miaka ngapi?"

"Ishirini na sita."

Mwenzake akahesabu kwa vidole. Vidole vilikubali.

"Na baba yako iko wapi?"

"Alifariki," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Uwiii! Amesema mwenyewe!"

Huku kwetu mtoto wa nje hujitokeza kabla jeneza halijashuka. Akichelewa, asidai kitu, hata jina. Kwa hiyo nilikokotwa mbio, nikaketishwa mbele kwenye mkeka wa watoto wa marehemu. Jeneza lilikuwa wazi. Shangazi akanishika sikio.

"Tazameni. Sikio ya nani hii?"

Nikamtazama marehemu. Jamani, masikio yalifanana. Nikaanza kumshuku mama. (Mama, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa! Mungu anisamehe.)

Mzee aliyeongoza shughuli akashika maikrofoni. "Wapendwa, tumepata mgeni kutoka Nagongera. Mwana wa kwanza wa marehemu, Bwana Wandera wa ofisi ya mizigo mpakani, simama umpokee ndugu yako."

Bwana Wandera.

Nikaibana bahasha ya vyeti vyangu kwapani. Mtu wa suti nyeusi akainuka, macho mekundu, akanipa mkono. "Kama wewe ni damu ya baba," alisema polepole, "sitakukataa mbele yake. Sema."

Nikapewa maikrofoni. Nikawaza: nikikubali, si kazi nimepata? (Ndiyo, niliwaza hivyo. Sekunde mbili nzima.) Kisha nikamwona mjane. Bibi mdogo, mwembamba, amekaa chini kando ya jeneza, ananitazama kama mtu anayengoja kofi. Nikashindwa.

"Mimi si mtoto wake. Nilikuwa napita. Nilikuwa nasikiliza gitaa."

"Gitaa!" Shangazi akaruka. "Gitaa gani inaliza mwanaume namna ile? Muongo huyu! Tusikie!"

Mzee wa shughuli akanipokonya simu, akaibandika kwenye maikrofoni. Wimbo wa sita, mwanzo mpaka mwisho, kwenye spika mbili zenye ukubwa wa kabati. Gitaa likajizuia, likajizuia, likashindwa. Nilitamani lile kaburi walilochimba liwe na nafasi ya wawili.

Lilipokoma, mjane akainua kichwa.

"Na huyu wa gitaa naye," akauliza, "amefiwa na nani?"

Shangazi ndiye aliyeanza kulia upya, kwenye bega langu la kulia, na safari hii turubai zima likamfuata. Mimi nikiwemo. Nililia kama ningelia miaka miwili iliyopita, kwa mzee nisiyemjua hata jina.

Bwana Wandera akanivuta kando, akatazama bahasha ya vyeti kwapani mwangu. Jina langu liko juu yake kwa herufi kubwa. (Wazo la mama.)

"Wewe ndiye wa saa nane?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Karani wangu anakupigia tangu asubuhi kukuambia nimefiwa."

"Nilizima laini, mkubwa. Nisisumbuliwe."

"Mtu anayeshindwa kudanganya hata akipewa ndugu na maikrofoni," akasema, "sijui mpakani nitamweka wapi. Njoo Jumatano, tuone."

Tuone. Neno hilo nimeligeuza njia nzima na bado sijui lina uso gani.

Nikiondoka Shangazi akanifuata mpaka barabarani. "Yule wa kweli," akaninong'oneza, "ukimuona huko Nagongera, mwambie afanye haraka."

Nimefika nyumbani. Mama alikuwa anangoja mlangoni. Nimemwambia nilipokelewa vizuri, nikaonana na Bwana Wandera, na mama yake, na shangazi yake, na baba yake pia. Amefurahi mno, Jumapili atalitangaza kanisani. Nawaomba, msicheke, na asiwepo wa kumwambia kwamba baba yake Bwana Wandera nilimkuta amelala.