Kampuni Tatu na Paa Moja

Jumatatu, 8 Septemba

Bima ya nyumba imekwisha. Ya gari pia. Mke wangu Ianthe kanikumbusha kabla sijanywa chai. Kasema nyumba hii kaijenga marehemu baba yake kwa mikono yake, na paa likiruka bila bima tutahamia Bridgetown kwa dada yake, Leotta. Mungu apishe mbali! Shemeji Leotta huanza tenzi alfajiri, na hataki mtu avute kiti, eti sakafu inachubuka.

Zamu ya bekari haimpi Ianthe nafasi, kwa hiyo kazi ni yangu. Agizo: kakate bima leo, msimu wa dhoruba umepamba moto.

Leo! Kama vile nakwenda kununua mkate. Watu wa Barbados tuna ujinga mmoja, tunauliza bei tu. Bei ni mlangoni. Mimi nataka kujua jikoni kukoje. Mtu akipata hasara, wanampokeaje? Wanamlipa au wanampiga danadana? Hakuna anayelichunguza hilo. Nitalichunguza mimi, Elric Gittens.

Jirani yangu Dacosta Yearwood kanisikia ng'ambo ya ua, kacheka mpaka kakohoa. Yeye kaingia kampuni ya kwanza aliyoiona, kakata bima, katoka. Kaniita profesa. Sawa tu.

Jumanne, 9 Septemba

Kampuni ya kwanza. Naiita Zulia, maana wana zulia nene, mguu unazama. Mbinu yangu: nikajiunga na foleni ya wanaodai fidia. Kimya, masikio wazi.

Mbele yangu mama mmoja, ng'ombe kamvunjia ukuta. Mkadiriaji wa hasara akamuuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Rangi! Nikataka sana kujua kama rangi inaongeza fidia au inapunguza. Nikasogea. Nikasogea tena. Mama akageuka akauliza wewe nani. Nikasema nimemsindikiza. Akaapa hajawahi kuniona tangu azaliwe.

Mlinzi kanitoa. Kwa adabu, lakini kanitoa.

Zulia: wapole, wadadisi mno, malipo huchelewa. Siku moja tu na nimejua mengi! Ianthe kauliza kama nimekata bima. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Kajibu ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha kanipakulia ugali wa bamia bila samaki.

Jumatano, 10 Septemba

Kampuni ya pili: Feni. Wanayo moja, na inampepea karani peke yake. Leo sikupanga foleni ya watu wengine. Nikaenda dirishani na swali langu mwenyewe. Tuseme mbuzi kapanda juu ya gari langu, gari likaserereka, likaingia jikoni kwangu. Hiyo ni bima ya gari au ya nyumba?

Karani, binti mmoja anaitwa Boyce, akaweka kalamu chini. "Mjomba, hili limeshatokea au liko njiani?" Nikasema liko njiani. Akasema basi likifika nije nalo, na mbuzi nisimwache nyumbani. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Aibu iliyonipata! Lakini swali lilikuwa zuri. Hata yeye hakulijibu.

Nimegundua jingine. Ukidai fidia ya paa, Feni wanataka picha ya paa kabla halijaruka. Nani hupiga picha paa zima? Nikapanda ngazi jioni kulipiga la kwetu. Mabati ya jikoni yana misumari michache mno. Jambo la kuvutia. Nikashuka kuliandika.

Redio imesema kuna upepo umeondoka pwani ya Afrika, unakuja huku. Yearwood kapaza sauti juu ya ua: profesa, kata leo! Nikamjibu wasemavyo watu wote wa hapa, Mungu ni Mbajani, mtu wa Barbados mwenzetu, dhoruba ikitukaribia huipinda ikaenda kaskazini. Yearwood mwenyewe kaitikia amina.

Alhamisi, 11 Septemba

Kampuni ya tatu: Peremende! Bakuli zima mezani, hakuna anayekuhesabia. Mzee mmoja katoka ndani na hundi, meno yote nje. Gari lake liligongwa juzi tu. Nikamfuata mpaka kituo cha basi kumhoji. Kanithibitishia kwamba hawakumkata chochote isipokuwa sehemu zilizokuwa na kutu. Hii ndiyo yenyewe. Nikarudi mbio. Nikapewa karatasi za kusaini. Kalamu mkononi.

Hapo wazo likanijia. Mteja anayecheka wanamtendea vizuri. Je, mwenye hasira?

Sikuweza kuliacha. Nikapiga meza, nikafoka kwamba paa langu limeruka na hawanilipi. Peremende zikatapakaa chini. Meneja akatoka, mpole ajabu. Akanikalisha. Akaniletea maji. Akalitafuta jina langu kwenye kompyuta mpaka chakula chake cha mchana kikapoa. Mwisho akasema kwa huruma, bwana Gittens, wewe si mteja wetu. Nikasema najua, nilikuwa nawapima, na mmefaulu! Sasa nipe nisaini.

Meneja akatazama simu yake. Akaenda dirishani akageuza kibao: hatupokei wateja wapya. Dhoruba imepewa jina. Ikishapewa jina, hakuna kampuni kisiwani inayokata bima mpya mpaka ipite. Kila mtoto wa hapa anajua hilo. Mimi pia najua! Nilisahau.

Nikakimbilia Feni. Kibao. Nikakimbilia Zulia. Kibao, na mlinzi kanikumbuka.

Na jina walilolipa hiyo dhoruba? Leotta! Ianthe kasema Leotta wawili wananisubiri, nichague.

Ijumaa, 12 Septemba

Kupigilia mbao madirishani. Yearwood kaja na ngazi yake bila kuitwa. Nikamuuliza kama nyumba yangu inaweza kuwa banda lake, kwa bima yake, mpaka Jumapili tu. Kasema hapana. Basi gari langu je? Kasema, "Gittens, shika mbao."

Magharibi nimemkuta Ianthe sebuleni, anatazama dari aliyoipiga baba yake. Hakulia. Afadhali angelia. Nimeona haya, nikarudi kwenye mbao.

Jumamosi, 13 Septemba

Mungu ni Mbajani kweli! Dhoruba imepinda kaskazini. Sisi tumepata upepo wa pembeni tu.

Upepo wa pembeni umeondoka na mabati yote ya jikoni. Bati moja limetua juu ya gari langu. Yaani nyumba imeligonga gari! Nani anamlipa nani hapo? Nikamwita Ianthe tulijadili. Hakutaka kulijadili. Alikuwa anaokota vyombo vya mama yake kwenye matope.

Yearwood kapoteza mfereji mmoja wa paa, na Zulia wameshamwahidi mkadiriaji Jumatatu. Kumbe wana mwendo! Nimesahihisha maelezo yangu.

Tunalala kwa Leotta. Nimeshavuta kiti.

Jumanne, 16 Septemba

Majirani wamelirudisha paa la jikoni jana, Yearwood juu kabisa, misumari mdomoni. Vibao vimeondolewa. Upepo mwingine umetoka Afrika, bado hauna jina.

Asubuhi Ianthe kanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Elric, hii ni nyumba ya baba. Nakuomba. Nenda Peremende, moja kwa moja." Nikaapa mbele ya Leotta na tenzi zake.

Na nimekwenda moja kwa moja! Meneja kaniletea karatasi yeye mwenyewe, kaondoa bakuli mezani. Nikashika kalamu. Nikaandika Elric. Mtu wa pembeni yangu akaninong'oneza kwamba kuna kampuni ya nne, kule Oistins, mkadiriaji wao anakuja kwa pikipiki.

Pikipiki! Kwenye mvua? Na ngazi anaibebaje?

Nimemwambia meneja nitarudi kesho.