Jasusi Asiyesalimia

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, Mwanza nzima hadi Ilemela, kwamba kuanzia Jumatatu Idara ya Makabidhiano ya Siri itafanya kazi kwa siri. Katika zama hizi za soko huria, alifafanua Mkurugenzi Yeremia, hata ujasusi lazima uwe na ufanisi. Kanuni mpya ilikuwa moja tu: wanaopeana kitu hadharani wapishane bila kusalimiana.

Jumatatu hiyo Nkwabi, jasusi wa majaribio, alisali sana. Akifanikiwa, ataajiriwa. Akishindwa, anarudi Misungwi kulima pamba. Kiganjani alificha mkanda wa picha, mdogo kama kidole gumba. Picha za nini, hakuambiwa. Kazi yake ilikuwa kumkabidhi Wilhelmina, jasusi mwenzake mtu mzima, pale mwaloni kwenye wauza samaki.

Wilhelmina akatokea na kikapu chake. Nkwabi akakaza shingo, akampita kama mlingoti. Kabla hajauachia mkanda, akasikia sauti.

"We kijana!" Alikuwa Ng'washi, muuza sato. "Unampita mama mzima hivyo? Shikamoo umeiacha nyumbani?"

"Simjui, mama."

"Sasa utamjuaje usipomsalimia?"

Watu wakajaa. Mmoja akaamua kuwa hawa wana ugomvi, wapatanishwe. Mwingine akaleta kigoda.

Mkurugenzi, aliyekuwa akisimamia zoezi nyuma ya gazeti, uvumilivu ukamwishia. Akajitokeza kuonyesha jinsi kitu kinavyokabidhiwa kitaalamu. Akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akatumbukiza mkono kikapuni mwa Wilhelmina.

"Mwizi!" Ng'washi akamkaba kola.

"Mimi si mwizi! Mimi ni jasusi! Ni Mkurugenzi!"

Ng'washi akaachia kola, akakunja goti.

"Si ungesema mapema, baba? Shikamoo, jasusi."

Wakapanga foleni kumwamkia, mmoja mmoja, hadi wapara samaki.

Huku nyuma Nkwabi akamshika Wilhelmina mkono, kwa mikono yote miwili, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo Misungwi?"

"Hawajambo, Mungu anasaidia."

Viganja vyake vilirudi vitupu. Hakuna aliyeona kitu.

Wiki iliyofuata Nkwabi aliajiriwa. Mkurugenzi hakufukuzwa, maana Serikali haitupi vipaji. Alihamishiwa Kitengo cha Uhusiano, kwa kuwa ndiye jasusi pekee anayefahamika mwalo mzima kwa jina na cheo.